Nafasi ya Mbawa

Kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Popo wa Mchana walijifunza kupiga muziki kuanzia kaseti yao ya pili. Ile ya kwanza, nilikuwa nasema, ni nguo tupu. Nimewaambia hivyo wateja, nimewaambia mashemeji, nimemwambia na binti yangu siku aliyoiokota ile kaseti kwenye meza ya mitumba akarudi nayo nyumbani kama aliyeokota dhahabu. Mtu akinibishia, nilikuwa namuuliza swali moja: kati yangu na wewe, nani aliwashonea hizo nguo? Hapo ubishi ulikuwa unakwisha, kwa sababu hakuna anayebishana na fundi cherehani kuhusu nguo aliyoishona mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalisema hilo kwa sauti kubwa ili jingine nililokuwa nalificha nisilazimike kulisema kabisa.

Kwa ambao hawakuwahi kuwaona, hao Popo walikuwa wanaume wanne wapiga roki, na hakuna hata mmoja aliyepanda jukwaani na sura aliyopewa na mama yake. Walijipaka majivu usoni, wakavaa viatu vyenye soli nene kama matofali, wakatokea ndani ya moshi. Walipiga saa nane mchana kwa sababu ukumbi haukuwa na ruhusa ya kelele baada ya jua kuzama, na jina lao likatokea hapo. Mwimbaji aliitwa Moshi. Mpiga ngoma aliitwa Radi, na alivaa barakoa ya bati iliyomfunika uso mpaka masikio. Wa besi aliitwa Kimya, na jina lilimkaa. Mpiga gitaa ndiye Kidole, na Kidole ndiye aliyekuwa na mbawa.

Mbawa hizo nilizitengeneza mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye duka la mama mdogo. Nilikusanya miavuli kumi na miwili mibovu. Kitambaa cheusi kikawa ngozi ya mbawa, njiti zikawa mbavu zake, na nikapitisha kamba kutoka kwenye njiti hadi kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Kidole akinyanyua kiwiko tu, kamba inavuta, mbawa zinafunguka pande zote mbili, na vidole vyake havitoki kwenye nyuzi. Hilo la vidole ndilo nililojivunia kuliko yote. Mshonaji mwingine angemfanya mtu aache gitaa ndipo afungue mbawa. Mimi sikutaka gitaa linyamaze hata kidogo, maana nilikuwa nawapenda wale watu kupita kiasi, na kabla ya wao kunijua mimi nilikuwa najua nyimbo zao zote kwa kuwasikiliza nje ya dirisha la stoo walimokuwa wakifanyia mazoezi.

Siku niliyokwenda kuwapima, nilimpima Kidole mwisho. Nilikuwa naviringisha futi nirudishe mfukoni aliponiambia, "Fundi, kwenye mbawa ni nafasi. Usisahau nafasi."

Nikamwambia sitasahau. Kwa fundi, nafasi ni kitu kinachojulikana: ni ule upana unaouacha kwenye nguo ili mwili upate kupumua, vidole viwili kiunoni, vidole vitatu kwapani. Mtu akikuomba nafasi kwenye mbawa, anaomba kwapa la mkono lisimbane. Ombi rahisi, na la mtu anayejua anachokitaka. Niliondoka pale nimefurahi kwamba mpiga gitaa anaelewa mambo ya kushona.

Na kweli sikusahau. Ingekuwa afadhali ningesahau. Siku moja kabla ya onyesho kitambaa cha miavuli kilinipungukia kwapa la kulia, vidole vitatu kamili, na duka lililokuwa na kitambaa cha namna ile lilikuwa limefungwa. Nikashona hivyo hivyo. Nikajipa moyo kwamba Kidole ni mwembamba, mkono wake ni kama mpini wa jembe, hataona tofauti.

Wimbo wa tatu ndio uliokuwa wimbo wa mbawa. Nilikuwa safu ya mbele. Gitaa likapanda, likapanda, Kidole akanyanyua kiwiko, mbawa zikafunguka zote bila kukwama, ukumbi mzima ukapiga ukelele. Na gitaa likakata. Likakata kabisa, kama mtu aliyezibwa mdomo, na wenzake nao wakanyamaza wakimtazama. Nilijua papo hapo ni nini: mkono umenaswa kwapani. Nikaufunika uso wangu kwa viganja viwili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na chaki yangu na mkasi wangu. Gitaa liliporudi, lilirudi kwa kishindo, lakini safu za nyuma walikuwa wameshaanza kucheka.

Baada ya onyesho nguo zililetwa dukani. Kwapa la kulia lilikuwa limechanika shubiri nzima. Nikalishona kimya kimya, mama mdogo asione. Wiki iliyofuata gazeti likaandika: "Nguo zinapiga, vidole vinatazama." Sentensi hiyo ikageuka msemo mjini. Na kwa kuwa redio ilikuwa imelirekodi lile onyesho, ndilo lililouzwa kama kaseti ya kwanza, pamoja na lile shimo katikati ya wimbo, likasikika nyumba hadi nyumba.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia mama mdogo kwamba kitambaa cheusi kinaniumiza macho, kazi ya Popo akapewa mwingine. Kisha mbawa zikaachwa. Ikaja kaseti ya pili, na humo gitaa halikunyamaza hata mara moja, lilitiririka tangu mwanzo mpaka mwisho kama bomba lililosahauliwa wazi. Nikaanza kuwaambia watu: mnaona, sasa wamejifunza. Bora watu waamini kwamba Kidole wa mwanzo hakujua gitaa kuliko wajue kwamba alijua, na mimi ndiye niliyemfunga mkono. Nilijiona mshenzi kwa hilo, lakini niliendelea nalo.

Basi, Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, asubuhi, akaingia dukani kwangu mwanaume mwenye mvi, shati limechomekewa, na alipoegemea meza ya kukatia vidole vyake vikaanza kugonga mbao peke yake. Nilivitambua vidole kabla ya uso. Sasa anatengeneza milango na madirisha ya alumini, vidole vina makovu, lakini vile vile.

Alisema ukumbi wa zamani umeezekwa upya, na wenyewe wanataka waliolifungua jukwaa lile zamani walifungue tena. Onyesho moja tu, saa nane mchana. Wote wanne wapo hai na wamekubali. Wimbo wa mbawa utapigwa kama ulivyokuwa mwanzo, na mbawa anazitaka kutoka kwa mkono ule ule. Akatoa kaseti mfukoni, imefungwa kwa mpira. Alisema ni ya mazoezi, niisikilize nijue mbawa zinafunguka wapi, kwa sababu ile ya redio haipendi, ina makelele ya watu. Akaniachia na vipimo vyake vipya, kavipima mwenyewe, tumbo kalipunguza. Nikamwambia arudi Ijumaa nimpe jibu.

Hapa niseme kwamba duka langu si langu peke yangu. Mlangoni kuna kabati la vioo la mume wangu, fundi saa, na mimi niko dirishani na cherehani yangu ya miguu. Tumekaa hivyo miaka ishirini na saba, yeye na vitu vidogo, mimi na vitu vipana. Mume wangu alikuwepo kwenye lile onyesho kabla hatujajuana. Alikuwa safu ya nyuma, na alikuwa anacheka. Ameniambia mwenyewe, bila aibu, wakati wa uchumba, na bado nikaolewa naye.

Kidole hajafika hata barabarani, mume wangu ameshaanza. "Nguo zinapiga," alisema huku jicho lake likiwa kwenye lenzi, "vidole vinatazama."

Nikamwambia kazi hiyo siifanyi. Akauliza kwa nini. Nikasema kitambaa cheusi kinaniumiza macho. Akaiweka lenzi mezani, akanikumbusha kwamba mwezi uliopita nimeshona majoho meusi thelathini ya chuo na macho hayakulalamika hata siku moja. Mtu akishakaa nawe muda mrefu hivyo, uongo wa zamani haumtoshi tena. Nilikuwa nimeamua: nisimharibie yule mtu mara mbili. Ijumaa nitamrudishia kaseti yake na kumpa jina la fundi mwingine, yaishe.

Jumanne nilikuwa napiga pindo za mapazia, kazi isiyohitaji akili. Nikasema walau nimsikilize kwa heshima, kwa kuwa nitamkatalia. Nikaitia ile kaseti kwenye redio kaseti iliyo juu ya rafu ya nyuzi, nikaendelea kukanyaga.

Mwanzo ulikuwa viti vikiburutwa na mtu akikohoa. Ile stoo niliitambua kwa mwangwi wake. Kisha sauti ya Moshi, kijana kabisa, ikauliza, "Tuanzie wapi?"

Na sauti ya Kidole ikajibu, "Kabla ya nafasi."

Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio.

Wakapiga. Gitaa likapanda kama ninavyolijua, likapanda, nikajikuta nimeshika shavu. Likakata. Kimya. Nikasikia hata ndege nje ya dirisha la ile stoo, pengine ni lile lile nililokuwa nasimama chini yake siku nyingine. Kisha ngoma ikarudi, gitaa likafuata, wakaacha, na Kidole akaanza kumfokea Radi.

"Umerudi mapema," alisema. "Nafasi ni ndefu kuliko unavyodhani. Mbawa zinafunguka, watu wanashangaa, unawaacha wamalize kushangaa, ndipo turudi. Tukipiga pale hakuna atakayeziona."

"Na huyo fundi akichelewa kuzimaliza?" Radi akauliza.

"Hajaja hata kupima. Anakuja Jumatano. Nitamwambia nafasi iko kwenye mbawa, ili akae mahali pa kuona."

Niliurudisha mkanda nyuma nikasikiliza tena. Nikaurudisha tena. Mara ya tatu mume wangu aliniuliza kama mashine imeharibika, nikamwambia anyamaze, na nadhani kwa namna nilivyosema akaelewa kwamba si utani, kwa sababu alinyamaza kweli.

Miaka thelathini na mmoja. Yule mtu alikuwa ananiambia pa kutazama, mimi nikaandika kwenye daftari vidole vitatu kwapani. Yeye alisema nafasi kwa kimuziki, mimi nikaisikia kwa kicherehani, na kila mmoja akaondoka ameridhika kwamba ameeleweka. Ile nafasi aliipanga kabla sijamgusa bega kwa futi. Hakukuwa na mkono ulionaswa popote.

Lakini mimi ni fundi, na fundi haamini sikio, anaamini kipimo. Nikajiambia huenda walikuwa wanajifariji tu kwa maneno mazuri, huenda ile nafasi yenyewe ilikuwa ovyo ovyo, leo fupi, kesho ndefu. Cherehani yangu naijua. Nikikanyaga pole, mwendo wa pindo, mguu wangu hauongezi wala haupunguzi, unaweza kuniamsha usingizini nikakanyaga mwendo huo huo. Nikatoa uzi kwenye sindano, nikaanza kukanyaga tupu, nikangoja gitaa likate, nikahesabu.

Mara ya kwanza ilikuwa tisa. Mara ya pili kumi, na Kidole akafoka tena. Mara ya tatu kumi na moja. Kidole hakusema kitu. Mara ya nne kumi na moja. Ya tano kumi na moja. Mpaka mkanda unafika mwisho wa upande ule, mara sita mfululizo, kumi na moja, haizidi wala haipungui.

Mume wangu alikuwa ameshakuja kusimama nyuma yangu. Nikamweleza. Akasema mguu wa mtu si kipimo, akachukua saa kubwa ya mkononi aliyokuwa anaitengeneza, akanitaka nirudie mkanda wote. Tukarudia. Alikuwa ameinama juu ya ile saa utadhani anampima mgonjwa. Mwisho akanyooka akasema kwa shingo upande, "Sekunde saba na nusu. Zote sita."

"Basi mtu hujikwaa mara sita," nikamwambia, "mahali pale pale, kwa urefu ule ule?"

"Huyo hajikwai," alisema. "Huyo anatembea."

Nikaenda kwenye kopo la vifungo, ambako nilikuwa nimeificha ile kaseti ya redio tangu nilipomnyang'anya binti yangu. Nilikuwa sijaisikiliza nzima tangu ujana. Nikaiweka. Wimbo wa tatu, ukelele wa watu, gitaa likakata, safu za nyuma zikaanza kucheka, na mume wangu akatazama chini kwa kuwa kicheko kimojawapo huenda ni chake. Mimi nilikuwa nakanyaga. Kumi na moja. Katikati ya kelele zile, na watu mia tatu wakidhani wapigaji wameharibu, hakuna hata mpigaji mmoja aliyeogopa akarudi mapema.

Tuliisikiliza kaseti yote, pindo za mapazia zikangoja. Kuna kishindo kidogo kilichokuwa kinasikika humo, du, kabla ya kila badiliko la wimbo. Siku zote nilisema ni ubovu wa mkanda. Sasa nikajua ni nini. Radi alikuwa haoni kitu kwa ile barakoa ya bati, na kusikia alikuwa anasikia nusu, kwa hiyo Kimya alikuwa anakanyaga jukwaa kwa kiatu chake cha tofali, mtetemo unamfikia Radi miguuni, ndipo wanabadilisha pamoja. Hawakukosea badiliko hata moja. Jaribu kupiga ngoma na ndoo kichwani uone.

Sitasema yote yalikuwa mazuri, maana nitakuwa nimehama uongo mmoja nikaingia mwingine. Wimbo wa tano waliupoteza kabisa, kila mtu na njia yake, wakakutana mwishoni kwa bahati. Na Moshi alikuwa nje ya sauti tangu salamu mpaka kwaheri. Debe tupu haliachi kuvuma, na yule alivuma. Lakini gitaa, besi na ngoma, wale watatu walikuwa mafundi. Walikuwa mafundi tangu siku ya kwanza, na mimi shabiki wao mkubwa ndiye niliyezunguka mji kuwakana.

Nililia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikamaliza mapazia. Usiku ule nililala kama mtoto. Mume wangu anasema hata nilikoroma, jambo ambalo sina ushahidi nalo.

Siku iliyofuata nikamweleza yote, na kwapa nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema siku zote alikuwa anashangaa kwa nini mke wake, ambaye hawezi kuficha hata zawadi, ana hasira hivyo na kaseti ya watu. Sikungoja Ijumaa. Nilinunua kitambaa cheusi siku ile ile, cha kutosha na cha kubaki, nikakata mbawa. Lakini jambo moja lilikuwa bado linanisumbua. Lile kwapa lilichanika kweli. Nafasi ilipangwa, sawa. Mkono je? Pengine alipiga onyesho zima anaumia kwa ajili yangu.

Ijumaa Kidole alikuja na gitaa begani. Mbawa zilikuwa zimening'inia ukutani, zimeshikizwa kwa uzi mweupe wa kujaribishia. Alipoziona alisimama mlangoni muda mrefu. Nikaona nikimngoja aanze kusifia nitakosa ujasiri, kwa hiyo nikapiga moyo konde.

"Kaka, kabla hujazivaa kuna jambo," nikamwambia. "Zile za kwanza uliniomba nafasi. Mimi nilidhani ni ya kwapani, na hata hiyo sikukupa, kitambaa kilipungua. Ulipoacha kupiga nikajua nimekunasa mkono. Nimekaa na hilo mpaka juzi niliposikia kaseti yako. Na kwapa nilikuta limechanika."

Alikunja uso kama anayetafuta kitu kwenye droo. "Lilichanika kwenye lori," alisema. "Hatukuwa na wapakiaji, dada. Nilipandisha spika nikiwa bado nimevaa mbawa, zikanasa kwenye bodi. Jukwaani sikusikia lolote. Mbona nguo ile ilinikaa vizuri?"

Niliketi. Naomba niseme tu kwamba niliketi, na nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mume wangu kule mlangoni alijifanya anatafuta skrubu sakafuni.

Kidole hakucheka. Alikuwa anavigonga vidole mezani, polepole.

"Kwa hiyo ndiyo maana ulifunika uso," alisema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilikuwa nakutazama. Nilikwambia nafasi iko kwenye mbawa, nikajua utakaa karibu. Mbawa zilipofunguka nikakutafuta uone kazi yako, nikakuta umefunika uso kwa mikono miwili. Nikasema, basi, hata aliyezishona anaona haya kwa nilivyopiga. Gazeti halikuniuma. Gazeti linaandika linachotaka. Ni wewe. Kuanzia siku hiyo nikaitoa nafasi kwenye wimbo. Kaseti ya pili nilipiga bila kupumua, nikiogopa kunyamaza."

Nilikumbuka jinsi nilivyoisifia ile kaseti ya pili miaka yote, lile gitaa lisilonyamaza, na jinsi nilivyowaambia watu kwamba hapo ndipo alipojifunza. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Mimi niliambiwa, tena siku ya Jumatano, na bado nikafumba. Nikamwambia hivyo hivyo, na nikamwomba radhi, na yeye akaniomba radhi kwa kutouliza, tukawa watu wazima wawili wenye mvi tunaombana radhi kwa ajili ya miavuli mibovu. Ndipo alipocheka.

"Hebu nivae," alisema.

Nilimvisha mwenyewe. Nikaingiza vidole vitatu kwenye kwapa la kulia, vikapita bila kubanwa, nikamwonyesha. Nikafunga kamba kwenye kiwiko. Mume wangu alikuwa ameshaanza kusogeza kabati lake la vioo, akinung'unika kwamba hakuna bima inayolipa saa zilizopigwa na popo. Kidole akaketi pembeni ya meza ya kukatia, gitaa pajani, bila umeme wala spika, nyuzi tu. Mimi nikakaa kwenye cherehani yangu, na mguu ukaenda wenyewe kwenye kanyagio.

Akapiga. Gitaa lile lile, likapanda, na kwa ukaribu ule nikaona kazi ambayo toka chini ya dirisha sikuweza kuiona, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikishika waya mmoja peke yake wakati vingine vinakimbia. Akanyanyua kiwiko. Mbawa zikafunguka, moja ikagusa rafu ya nyuzi, nyingine ikafika mlangoni. Gitaa likakata.

Sikufunika uso. Nilimtazama yeye, nikatazama mbawa, nikaona kila mshono niliouweka ukivutika na kushika, nikamtazama yeye tena. Mguu ulikuwa unahesabu. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Hakurudi. Alikuwa ananitazama usoni, vidole vikiwa hewani. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

"Amejikwaa," mume wangu alisema kule mlangoni, saa mkononi.

Na kweli alikuwa amejikwaa. Kidole alishtuka, akaangalia nyuzi zake kama mtu aliyesahau njia ya kwake, akaanza kucheka hadi mbawa zikawa zinatikisika. Mimi nilikuwa nimeliona kosa lote kwa macho yangu mawili, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwambia arudie, kuanzia kabla ya nafasi.